Kengele Iliyolia Ijumaa Kuu

Nimeambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao kengele ya kanisa letu hapa Tottenham mtaipiga ninyi vijana, kwa zamu, na kwamba Padre anataka niwaandikie machache ninayoyajua. Nimekubali haraka kuliko nilivyopaswa, maana mstaafu akiulizwa habari za kazi yake hana breki. Najua pia kwamba nusu yenu mtawapa mama zenu wawasomee, halafu mtawajibu kwa Kiingereza. Si neno. Mradi yafike.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Skola, yule anayekaa pembeni karibu na radieta ya kupasha joto. Kwa miaka mingi nilikuwa sakristani, yaani mtunza sakristia, kile chumba cha nyuma ambamo padri huvalia mavazi ya Misa. Mishumaa, divai, vitambaa vya altare, maua yaliyonyauka, funguo zinazopotea, yote yalikuwa juu yangu. Asubuhi nilisafisha ofisi za watu, mchana nikaja kanisani. Ofisini mgongo uliniuma, kanisani uliniuma vilevile, ila kanisani sikulalamika. Katika kazi zote hizo niliyoipenda kuliko zote ni kengele, na hiyohiyo ndiyo iliyonitia matatani mara nyingi zaidi. Siku nilipokabidhi funguo nilishusha pumzi ndefu mpaka Padre akaniuliza kama ninaumwa.

Tuanze na mikono. Usijiviringishie kamba mkononi. Usijiviringishie hata kidogo, hata kama baridi imekutia ganzi vidole na unaona itakusaidia kushika. Kengele yetu si ndogo kama inavyoonekana kutoka barabarani. Inaning'inia kwenye gurudumu, ikiyumba inaivuta kamba juu, na kama mkono umenaswa humo, nao utakwenda juu. Mimi haikunipandisha, ila ilinivua. Siku zangu za mwanzo nilivaa skafu ndefu ya sufi, ikajisokota na kamba, nikaitazama ikielekea mnarani bila mimi. Wanakwaya waliokuwa mazoezini waliacha kuimba. Kwa hiyo vua skafu, vua bangili, funga nywele, na simu usiiweke mfuko wa juu.

Ukishajiweka sawa, vuta mpaka kiunoni, kisha iache kamba irudi huku mikono ikiisindikiza. Wageni wa kazi hii hudhani jambo kubwa ni kuvuta. Kuvuta mtu yeyote anaweza, hata mimi niliyekuja na kilo zangu chache kutoka Sumbawanga. Tabu ni kuachia. Ukiishikilia, kengele inagoma katikati na kutoa sauti ya sufuria. Ukiitupa, inayumba ovyo na kulia mara mbili pale ulipotaka ilie mara moja, na watu nje wanajua kwamba leo kuna mwanafunzi.

Mimi mwanafunzi nilikuwa kwa muda mrefu, na mwalimu wangu alikuwa Mwairishi mmoja jina lake Malachy. Sisi Waswahili tulimwita Mzee Malaki, kama nabii, naye alilipenda jina hilo ingawa hakusema. Alikuwa amestaafu udereva wa basi, na ule udereva haukumtoka. Kwake dakika moja ilikuwa na uzito, na kuchelewa ilikuwa ni aina ya uongo. Aliishi mitaa miwili kutoka kanisani. Ukikosea kidogo tu, ulimwona anaingia kwa mlango wa pembeni na ndara za nyumbani, hajavaa hata koti, salamu hakuna, anaanza moja kwa moja kukueleza ulipoharibu. Nilimwogopa. Nilikuwa nikimwona kwenye duka la nyama nageuza njia, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto.

Sasa niwaambie nilivyoacha kumwogopa.

Kwetu, misheni, mtu akifariki kengele hupigwa polepole. Pigo moja, kimya kirefu, pigo lingine. Walio shambani husimama na majembe yao na kuulizana ni nani. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipigiwa simu kwamba shangazi yangu, aliyenilea mimi na wadogo zangu, amefariki. Nilikuwa peke yangu sakristia nikipiga pasi vitambaa. Sikuwaza chochote. Nilizima pasi, nikaenda kwenye kamba, nikampigia shangazi yangu kama ambavyo angepigiwa nyumbani. Nililia huku napiga, na moyo ukapoa kidogo.

Nilichosahau ni kwamba paroko wetu wa wakati ule alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo, ametengenezwa goti, na parokia nzima ilikuwa ikimwombea. Watu wakasikia kengele ya msiba. Kina mama wa Kikongo wakatoka majumbani, Waghana wakatoka, mama mmoja Mpolandi akatoka na maua, wote wanaelekea nyumba ya mapadri, wengine wameanza kilio njiani. Mama Furaha wa Bukavu, mnayemjua kwa sauti yake, alikuwa mbele kabisa na sufuria ya wali kichwani. Wakagonga. Mlango ukafunguliwa na marehemu mwenyewe, anachechemea kwa fimbo, anauliza kuna nini. Mama Furaha akapiga yowe: "Yezu wangu! Padiri amefufuka!" Sufuria ilinusurika kwa neema tu. Paroko alicheka mpaka akashika ukuta, na goti likamuuma kwa siku mbili zilizofuata.

Mzee Malaki hakucheka. Alikuja moja kwa moja kwenye kamba, akanikuta nimesimama na macho mekundu, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia shangazi yangu, Tanzania. Nilijua sasa ninagombezwa na kufukuzwa kazi kwa pamoja. Aliniuliza jina lake. Nikamwambia alikuwa anaitwa Elizabeti. Alivua kofia, akaichukua kamba mikononi mwangu, akampigia shangazi yangu mapigo yaliyobaki, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu aliyemjua. Alipomaliza akasema, "Kesho nitakuonyesha namna ya kumtaarifu padri kwanza." Kuanzia siku ile nilimhesabu kuwa baba yangu wa London.

Kutoka kwake nilijifunza pia kengele ndogo, ile ya altareni, ambayo wengi wenu mmeipiga mlipokuwa watumikiaji. Hiyo mnaipiga vibaya, niruhusuni niseme, mnaitikisa kama gari la aiskrimu linaingia mtaani. Wakati wa mageuzo padri akiinua Hostia, ule mkate mtakatifu, piga, mpaka itakapofika juu. Akianza kuishusha, nyamaza. Mzee Malaki alinieleza kwamba zamani Misa ilisemwa kwa Kilatini na kwa sauti ya chini, na aliyekaa nyuma hakuona wala kusikia, kengele ndiyo iliyomwambia atazame sasa. Siku hizi tuna maikrofoni na skrini, lakini wapo bado wanaohitaji kuambiwa. Wapo waliotoka shifti ya usiku kwenye maghala ya Hayes na kuja kanisani bila kulala. Siwasemi vibaya. Mimi mwenyewe kengele hiyo imewahi kunirudisha duniani zaidi ya mara moja, na mara moja nilijibu "Amina" mahali ambapo hapakuwa na sala.

Kisha ikaja mota. Mafundi walifunga mashine juu mnarani, na chini sakristia wakaweka kisanduku chenye vitufe na kioo kidogo cha kuonyesha saa. Tangu hapo, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inajipiga yenyewe. Mzee Malaki alisimama kwenye kisanduku kile siku ya kwanza, mikono nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. "Haikosei," alisema, "ndiyo maana siiamini." Alisisitiza kamba ibaki, kwa sherehe na kwa siku umeme utakapokatika, na kwa hilo tunamshukuru.

Mota haikosei, lakini mwenye kuipangia saa anakosea. Serikali ya hapa inabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, mnajua, na kisanduku kile hakikuwa na habari na serikali. Mwaka mmoja nilisahau, na Malaika wa Bwana ya mchana ikalia saa saba. Ali, yule Mturuki wa duka la nyama mkabala na kanisa, alinisubiri mlangoni kwake nipite. "Mama Skola," akaniambia, "leo malaika wenu amekwama kwenye foleni?" Nilicheka, nikaenda kurekebisha, na tangu hapo Ali alikuwa ananikumbusha yeye.

Mpaka hapo ni mambo ya kawaida. Sasa nije kwenye kimya, kwa sababu kimya nacho ni kazi ya mpiga kengele, na hakuna anayewafundisha.

Alhamisi Kuu jioni, wimbo wa Utukufu unapoanza, kengele zote hulia, kubwa na ndogo. Wimbo ukiisha, zinanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Katikati hapo hakuna kengele ya aina yoyote. Pale ambapo ingelia kengele ndogo, kinapigwa kibao cha mbao chenye nyundo yake, kile kinachotoa sauti kavu. Mama Furaha anasema masista Wabelgiji waliwaambia utotoni kwamba siku hizo kengele zimekwenda Roma. Mzee Malaki hakuwa na hadithi. Alikuwa na utaratibu. Alhamisi usiku, kabla usingizi haujakuchukua, alisema, uwe umezima umeme wa mota ukutani, si kwenye kisanduku, na kamba uwe umeifunga juu kwenye ule msumari mkubwa, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia bila kupanda kiti. Sababu yake ilikuwa kwamba mwili una mazoea, na sakristani aliyechoka anaweza kuvuta kamba mchana wa Ijumaa Kuu kabla akili haijamkumbusha.

Msije mkasema Mama Skola aliandika kwamba Ijumaa Kuu kengele inaruhusiwa. Hairuhusiwi. Ifungeni kamba. Haya ninayoyasimulia yalitokea mara moja.

Mzee Malaki alianza kusahau. Kwanza alisahau funguo, tukamcheka, naye akacheka. Baadaye akasahau njia ya kwenda dukani, hapo hakuna aliyecheka. Binti yake, Brijita, akahamia kwake kumtunza. Mzee alikuwa analetwa Misa ya Jumapili, anakaa kimya, mikono juu ya magoti. Alianza kumwita Brijita kwa jina la mkewe aliyekwisha kufariki, kisha akaacha kumwita jina lolote. Mimi aliniita "sista" kwa muda, akidhani ni mtawa, kisha hata hilo likapotea. Nilikuwa nampa mkono wa amani kila Jumapili, ananitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekaa kiti kimoja na wewe kwenye treni. Niliumia, lakini nilisema ndiyo maradhi.

Brijita aliniambia jambo moja. Kila siku saa sita, kengele ikilia, baba yake husimama popote alipo ndani ya nyumba, anafanya ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa. Baada ya hapo anakuwa ametulia, anakula bila shida, anajua kiti chake. "Ni kama kengele inamwambia yuko wapi," alisema. Nilifurahi kusikia, nikazidi kukiangalia kile kisanduku.

Ijumaa Kuu hiyo kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi. Nilikuwa nimetangulia kuandaa msalaba kwa ibada ya saa tisa, na watu wachache walikuwa wamekuja mapema kwa Njia ya Msalaba. Saa sita ilipita kimya, kama inavyotakiwa. Haukupita muda, mlango ukasukumwa, akaingia Brijita, nywele zimelowa. Baba hayupo. Brijita alikuwa amepanda juu kutandika kitanda, aliposhuka akakuta mlango wa mbele wazi. Koti lipo, fimbo ipo, yeye hayupo. Alikwisha kuwaita polisi, na polisi wanakuja, lakini miguu yake ilimleta kwetu kwanza.

Niseme wazi tulichokiogopa, maana wote tulikiogopa na hakuna aliyekitamka: mto. Mnajua mto Lea ulivyo karibu, na mifereji yake, na ile njia ya kando yake isiyo na ukuta. Mzee asiye na koti, mwenye ndara, asiyejua aendako, katika mvua ile.

Paroko wetu, huyuhuyu kijana wa Kinijeria mliye naye, aliahirisha Njia ya Msalaba papo hapo na kuwagawa watu. Hawa barabara kuu, hawa stesheni ya Seven Sisters, hawa madukani, na Mama Furaha na kina mama wake mtoni. Mimi nilibaki kanisani, kama akija mwenyewe akute mtu. Nilijaribu kusali rozari nikawa napoteza hesabu. Saa saba ikafika, ikapita. Waliotoka walianza kurudi kwa mafungu wakitikisa vichwa. Mama Furaha alirudi viatu vimejaa tope.

"Mama, haiko," akaniambia. "Tulitembea huku na kule. Batu ba kule banasema habakuona muzee."

Brijita alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa mlangoni, pale kamba inaposhukia, ametoka kuzunguka mtaa mara ya ngapi sijui. Akasema, si kwa kutulaumu wala kutuomba, alisema tu, "Kila siku anaisikia kengele na anajua yuko wapi. Leo haikulia."

Tukatazamana. Kisha wote tukainua macho kwenye kamba, imefungwa kule juu msumarini, kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama Furaha aliona nilichokuwa nawaza. "Hapana, mama! Leo ni Vendredi Saint. Leo kengele hailiake!"

"Najua, Mama Furaha. Nani kaifunga?"

Nilikwenda kwa Padre. Alikuwa mbele ya altare tupu, amepiga magoti. Nilimweleza kwa maneno machache. Akaniuliza, "Mama Skola, huyu mzee ndiye aliyekufundisha kazi. Angekuwa hapa angesemaje?"

Sikuweza kumdanganya padri, tena siku ile. "Angekataa, Padre."

"Angekataa kabisa?"

"Angekataa katakata."

Alishika kichwa. Nje upepo uligonga dirisha. Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Bwana wetu aliwauliza kama kondoo akitumbukia shimoni siku ya Sabato watamwacha humo. Kapige. Lawama ni yangu."

Nikaleta kiti, nikapanda, nikaifungua kamba. Hapo ilinibidi nifikirie haraka, na hapa nisikilizeni, maana ndiyo kazi yenyewe. Mota ningeweza kuiwasha, lakini ile Mzee hakuwahi kuikubali, na nilitaka asikie mkono wa mtu. Polepole nisingeweza kupiga, kwa sababu bado kulikuwa na watu wanatafuta kando ya mto, na wangesikia kengele ya msiba wangejua amepatikana vibaya, na Brijita angeanguka pale pale. Mfululizo wa furaha, ule wa Pasaka, ulikuwa matusi. Nikaamua kupiga Malaika wa Bwana, kama ya kila siku. Mapigo matatu, unasubiri muda wa Salamu Maria moja, matatu tena, unasubiri, matatu tena, kisha tisa ya kumalizia.

Pigo la kwanza lilinitisha. Nilihisi nimepiga kelele ndani ya chumba cha mgonjwa. Mtaa wote ulionekana kushtuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Ali akitoka dukani na aproni yake, akanyoosha mikono kunionyesha kwamba haelewi. "Mama Skola, si leo mnanyamaza?" Hata yeye. Watu wawili wa parokia waliokuwa wanakuja wakasimama getini na kufanya ishara ya msalaba, mmoja akageuza kurudi nyumbani. Nikaendelea. Nilipomaliza nikaanza upya. Nilipomaliza tena nikaanza tena. Bega liliwaka moto, mapigo yakaanza kutoka yalivyotaka yenyewe. Brijita alikuwa getini anatazama huku, anatazama kule. Hakuna mtu. Nilisema moyoni, Mungu wangu, nimekuvunjia kimya chako na bado hujanipa kitu.

Nikasikia mtu anafoka.

Sauti ilitoka upande ambao hatukuutafuta kabisa, nyuma ya majengo ya kansolo, zile nyumba za halmashauri, kwenye ile stendi ndogo ya basi. Baadaye mama mmoja alitueleza kwamba alimwona amekaa pale kwenye benchi muda wote, ametulia, anatazama kila basi linalopita, akadhani ni abiria. Sasa alikuwa anakuja kwa kasi ambayo hatukuwa tumeiona miaka mingi, ndara zinapiga lami, nywele nyeupe zimeganda kichwani kwa mvua. Brijita alimkimbilia na mikono wazi. Alimpita. Akampita Ali. Akampita Padre mlangoni bila kumtazama. Akaja mpaka kwangu, akaninyang'anya kamba, akaishika kwa mikono miwili mpaka kengele ikanyamaza.

"Skola!" akanifokea. "Una wazimu? Leo Ijumaa Kuu! Bwana yuko msalabani, na wewe unapiga kengele?"

Jina langu sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishasahau anavyolitamka, na ile "l" yake ya Kiairishi. Brijita alikaa chini pale pale sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja, na Mama Furaha akamkumbatia huku anaita watakatifu wote kwa Kifaransa. Jamani, nafuu ile sijui niwaeleze vipi.

Padre alisogea. "Mzee, usimlaumu. Mimi ndiye niliyemruhusu."

Mzee Malaki alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe nani?"

"Mimi ni paroko."

"Basi, paroko, nenda kaungame."

"Nitakwenda leo hii," Padre akasema, na nina habari za kuaminika kwamba alikwenda.

Nilivua koti langu nikamfunika mabegani. Hakulikataa, ila hakuacha kazi. Alikivuta kiti, akataka kupanda, Padre akamzuia na kupanda mwenyewe, na Mzee akasimama chini kumwelekeza namna ya kuifunga kamba msumarini, si hivyo, mara mbili, kaza. Ilipokwisha kufungwa akanigeukia mimi tena. Aliniambia kwamba hata kama ningekuwa na ruhusa ya Papa mwenyewe, yale matatu ya mwisho niliyaharakisha. Aliniambia mikono yangu iko juu mno. Aliniambia sikusubiri Salamu Maria iishe. Na kweli sikusubiri.

"Nisamehe, Mzee Malaki," nikamwambia.

Akasema bado.

Brijita alileta taulo kutoka sakristia na kuanza kumpangusa nywele, naye akaendelea kunisema juu ya kichwa cha binti yake. Nikamwomba radhi mara ya pili, na mara ya tatu, machozi yananitiririka, nacheka. Nilikuwa naomba asinisamehe upesi, maana muda wote aliokuwa akinigombeza, alikuwa ananijua.